Dawa ya Mlimani na Swali la Kipimo



Nimepewa heshima ya kuzungumza juu ya mimea ya dawa inayoota milimani na malaria, ugonjwa ambao mbu ameueneza kwetu kwa karne nyingi. Mimea ni mingi na usiku mmoja hautoshi kuitaja, kwa hiyo nitashika jambo moja tu, nalo ni kipimo. Mmea ukiua vimelea maabara haujawa dawa. Unakuwa dawa siku tutakapojua utumike kiasi gani, uandaliwe vipi, anywe nani, kwa siku ngapi, na utamdhuru nani. Swali hilo, katika milima yetu wenyewe, kwa muda mrefu limeulizwa na watu wengine kwa haja zao. Wakati wa sisi kuliuliza umefika, na nitaeleza kwa nini hauwezi kungoja.

Kwanza mlima wenyewe. Kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum, hakiambukizi mara tu mbu anapomnyonya mgonjwa. Lazima kikue kwanza ndani ya mwili wa mbu, na kukua huko kunategemea joto. Kwenye nyuzi 25 za sentigredi huchukua siku 12 hivi. Joto likishuka hadi nyuzi 20, kimelea huhitaji kama siku 28, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Likishuka chini ya nyuzi 16, hakikui kabisa. Ndiyo maana watafiti waliopanda kutoka tambarare hadi nyanda za juu za Usambara, wakihesabu mbu kijiji kwa kijiji, walikuta maambukizi yakipungua zaidi ya mara 1,000. Ndiyo maana pia nyuzi moja au mbili zinazoongezeka kwenye hali ya hewa haziwezi kupuuzwa na mtu wa milimani, awe wa Lushoto, Kericho au Kabale. Mtoto aliyekulia kwenye baridi hana kinga ya mwili aliyonayo mtoto wa tambarare, wa Muheza mjini au wa Korogwe, na homa ikipanda hadi kijijini kwake, humkuta bila ngao.

Watu wa Usambara walilijua hili kabla ya vitabu. Mwanasayansi Mjerumani Robert Koch alipokuwa Afrika Mashariki miaka ya 1897 na 1898, aliandika kwamba wenyeji wa milima hiyo walimweleza kuwa homa huwapata wanaposhuka bondeni, kwa kuumwa na mbu huko. Wakati huo huo daktari Mwingereza Ronald Ross alikuwa India akipasua mbu chini ya hadubini. Ross alithibitisha kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria, na uthibitisho ni kazi kubwa isiyo na mbadala. Lakini walioishi na ugonjwa huo walikuwa wameshaona uhusiano, na Koch alikuwa na busara ya kuwasikiliza na kuandika alichosikia.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia pale Amani, Usambara Mashariki, na bustani kubwa ya mimea ikapandwa kuizunguka. Kati ya miti iliyopandwa ulikuwemo mti wa kwinini, Cinchona, ambao asili yake ni miteremko ya Andes huko Amerika Kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofunga njia za bahari, magome ya miti hiyo yalitumika kutengenezea dawa ya jeshi la Wajerumani. Miti bado ipo, na mtu akifika Amani leo ataoneshwa. Mlima ulikuwa wetu na mikono iliyopalilia ilikuwa ya babu zetu. Swali lililoulizwa lilikuwa ni kwinini kiasi gani inahitajika ili askari asimame vitani. Mwanakijiji wa Muheza hakuwemo kwenye hesabu hiyo.

Historia ya kwinini yenyewe ina mtu ambaye ningependa kila mwanafunzi wa famasia amjue. Anaitwa Manuel Incra Mamani, mwenyeji wa Bolivia. Magome ya Cinchona hayalingani: mti mmoja unaweza kuwa na kwinini kidogo sana, na mwingine unaofanana nao kwa sura ukawa nayo nyingi. Mamani aliweza kutofautisha. Mwaka 1865 mbegu alizozikusanya zilimfikia mfanyabiashara Mwingereza, Charles Ledger, na Waholanzi wakanunua kiasi cha nusu kilo wakaipanda Java. Magome ya miti hiyo yalitoa kwinini hadi asilimia 13. Kufikia miaka ya 1930 Java ilikuwa ikitoa zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia. Mamani alikamatwa nchini mwake kwa ajili ya kukusanya mbegu, akapigwa, akafa. Jina la kisayansi la miti ile, ledgeriana, lilitokana na jina la mfanyabiashara.

Mashamba ya Cinchona yapo pia Kivu, nchini Kongo, na mjini Bukavu kiwanda cha Pharmakina kimeendelea kutoa kwinini kutokana na magome ya milima ile. Inawezekana basi mti wa mlimani ukamea Afrika na dawa yake ikatengenezwa Afrika.

Mmea wa pili wa milimani hautajwi sana panapozungumzwa malaria, nao ni pareto. Wakulima wa Mafinga, Mbeya, Nakuru na Musanze wanaujua vizuri: maua meupe yanayohitaji baridi ya nyanda za juu, yakikaushwa hubaki na pirethrini kama asilimia moja au mbili ya uzito wake. Pirethrini humwangusha mbu haraka, lakini jua huiharibu ndani ya muda mfupi. Wanakemia wakaanza kuiga muundo wake, na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, ambayo jua haliiharibu upesi. Familia hiyo ya dawa ndiyo iliyotiwa kwenye vyandarua vyetu. Mama wa Pangani anayechomekea chandarua chini ya godoro la mwanawe anatumia kemia iliyojifunza kutoka ua la mlimani. Na sasa mbu wengi wa Afrika wamezoea dawa hizo, hadi vyandarua vipya inabidi vichanganywe na dawa nyingine.

Nimefika kwenye mmea wa tatu, Artemisia annua, na hapa nitakaa zaidi.

Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake huko Beijing walikusanya maelfu ya maagizo ya tiba za jadi. Dondoo la mmea huu lilionyesha nguvu jaribio moja, likashindwa jingine. Akarudi kwenye kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona kwamba mle mmea hauchemshwi: unalowekwa kwenye maji na kukamuliwa. Akafikiri kwamba huenda moto ndio unaoharibu. Akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 dondoo lake likaondoa vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata alilinywa yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Wengi husimulia habari hii ili kusema tiba za jadi zina thamani. Zina thamani, lakini mimi naona jambo jingine. Tu Youyou alisoma namna ya kuandaa kwa uzito ule ule aliosoma jina la mmea. Sisi tumekuwa tukifanya kinyume. Tunamwendea mganga, tunamuuliza ni mti gani, tunakata gome, tunarudi maabara, tunalikausha kivulini, tunalisaga na kuliloweka kwenye metanoli. Kisha tunatia tone kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kikiwa na damu yenye vimelea, tunasubiri saa 72 na kuhesabu vimelea vilivyokufa. Tunachapisha makala. Lakini hakuna mgonjwa hata mmoja Usambara anayekunywa metanoli. Tumepima kitu ambacho hakuna anayekitumia, na kile kinachotumika kila siku tumekiacha bila kupimwa.

Nimekaa kwenye ua wa mzee mmoja, mganga wa tiba asili, nikamwangalia akitayarisha dawa ya homa. Alibandua gome upande mmoja wa mti na kuuacha mwingine, ili mti usife. Alilipondaponda kwa jiwe, akatia fungu moja kwenye sufuria, akachemsha hadi maji yakabaki nusu. Nilimwomba ruhusa niweke mzani wangu mdogo kando ya jiko, akakubali. Tukapima fungu baada ya fungu, na hayakulingana. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza sababu: gome la masika lina maji, la kiangazi ni jepesi lakini kali, na mtoto hupewa la masika. Mzee huyo ana kipimo. Hakijaandikwa kwa miligramu, lakini kipo, na anakirekebisha kwa msimu na kwa umri wa mgonjwa. Kazi yangu ilipaswa kuanzia hapo.

Tofauti ya kupima na kutopima inaonekana wazi kwenye chai ya Artemisia, inayouzwa na kusifiwa sana katika miji yetu. Artemisinini, kiini cha dawa kilichomo kwenye mmea huo, haiyeyuki vizuri kwenye maji. Watafiti waliotengeneza chai kwa gramu 9 za majani na lita moja ya maji walipata miligramu 94.5, yaani asilimia 19 hivi ya kile anachohitaji mtu mzima kwa siku. Na mwilini dawa hiyo haidumu; baada ya saa chache nyingi imeshaondoka. Mgonjwa hupata nafuu, homa hushuka, anarudi shambani, na vimelea vilivyobaki vinazaliana upya. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo itumike kutibu malaria, na mimi nakubaliana nalo kwa moyo wote. Najua wapo humu wanaoiuza kwa nia njema. Nawaomba waiangalie hesabu hiyo tena.

Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001 ikahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), na SP ilipozidiwa tukaingia kwenye dawa mseto ya artemisinini, ALu (artemetha na lumefantrini), mwanzoni mwa 2007. Kila mara vimelea ndivyo vilivyotutoa. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko la R561H kwenye jeni ya kelch13, linalovifanya viondoke damuni polepole mgonjwa anapotumia artemisinini. Badiliko hilo hilo limekutwa Kagera. Dawa mseto bado inaponya, kwa sababu mwenzake artemisinini, yaani lumefantrini, anaendelea kushika zamu. Lakini ngazi moja imeshalegea, na kila kipimo pungufu kinachonywewa, kiwe cha kidonge kilichoachwa katikati au cha chai, kinavipa vimelea nafasi ya kujifunza. Hii ndiyo sababu nasema swali la kipimo haliwezi kungoja.

Tufanye nini basi na mimea yetu? Kivumbasi, Ocimum kilimandscharicum, ambacho jina lake la kisayansi limebeba Kilimanjaro, huwekwa na wenyeji mlangoni na kando ya kitanda, na majaribio ya kaskazini mashariki mwa Tanzania yameonyesha kuwa kweli kinafukuza mbu. Hapa njia ni fupi, kwa sababu hakinywewi. Tunahitaji kujua tu moshi au mafuta yake hukinga kwa saa ngapi, na je, ni saa zile ambazo mbu wa malaria huuma. Mmea mwingine, Toddalia asiatica, wenye miiba, ambao Wapokot wa Kenya hutumia kwa homa, umekutwa na alkaloidi iitwayo nitidini inayoua hata vimelea sugu kwa klorokwini. Habari njema, ila alkaloidi za jamii hiyo zina sumu kwa seli za binadamu pia. Kati ya kiasi kinachoua kimelea na kiasi kinachomdhuru mtu kuna nafasi, na upana wa nafasi hiyo ndio utakaoamua kama tuna dawa au hatuna.

Na degedege la malaria kali lisiguswe na utafiti wa mitishamba. Mtoto akikakamaa, akigeuza macho, apelekwe hospitali, usiku huo huo. Waganga niliofanya nao kazi wananisaidia kulisema hili vijijini zaidi ya bango lolote.

Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya 2002, na Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974. Dunia nayo, kwa Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ilikubaliana kwamba mwenye mmea na mwenye maarifa wapate haki yao. Karatasi tunazo. Lakini kwenye ua wa mganga haki huanza na mambo madogo: kurudi na majibu kwa lugha anayoielewa, jina lake kuwemo kwenye kazi akitaka liwemo, na makubaliano kuandikwa kabla gome halijakatwa.

Majibu hayo ni pamoja na yale mabaya. Matokeo mabaya hayachapishwi kwa urahisi, hayapandishi cheo, na mara nyingi hubaki kwenye daftari la maabara. Tukigundua kwamba gome fulani linaharibu ini, mtu wa kwanza kuambiwa asiwe mhariri wa jarida la Ulaya. Awe yule mzee, na aambiwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu kuna mgonjwa atakayefika kwake kesho asubuhi na sufuria itakuwa tayari jikoni.