Bima ya Maisha na Gharama za Mazishi

Kifo hakipigi hodi. Kinapoingia katika nyumba ya mtumishi wa Serikali, jeneza, usafiri na kaburi hudai fedha siku ile ile. Katika Afrika Mashariki mzigo huo hubebwa kwa michango ya ndugu, majirani na askari wenzake marehemu. Marekani imeweka njia nyingine, nayo ina fundisho kwa kila avaaye sare.

Tangu mwaka 1954, watumishi wa Serikali Kuu ya Marekani, wakiwamo polisi wake, wamekuwa na bima ya maisha ya pamoja. Fungu lake la msingi ni mshahara wa mwaka mmoja, ukijazwa hadi elfu kamili inayofuata, kisha huongezwa dola 2,000. Serikali hulipa theluthi moja ya ada ya fungu hilo. Mtumishi hulipa theluthi mbili.

Fedha hizo hazitoki siku ya msiba. Sharti kwanza madai yapelekwe pamoja na cheti cha kifo. Kwa sababu hiyo, mwenye haki ya kulipwa huruhusiwa kutia sahihi ili sehemu ya fedha iende moja kwa moja kwa kampuni ya mazishi, naye apokee baki. Hivyo marehemu huzikwa kwa heshima, na mjane haingii katika deni.

Lakini ni nani mwenye haki hiyo? Hapa ndipo penye fundo. Sheria humtambua kwanza yule aliyeandikwa na mtumishi mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili, katika hati iliyopokelewa ofisini kabla ya kifo. Asipoandikwa mtu, hufuata mume au mke, kisha watoto, kisha wazazi. Wosia uliofungiwa sandukuni hauwezi kubadili jina hilo.

Mtumishi mmoja, Hillman, alimwandika mkewe mwaka 1996. Wakatalikiana mwaka 1998. Akaoa tena mwaka 2002, akafariki mwaka 2008 bila kubadili hati. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba fedha za bima, zaidi ya dola 124,000, ni za mtalaka. Mjane aliye katika hali kama hiyo hana mamlaka ya kutoa hata dola moja ya bima kununulia jeneza.

Wanajeshi nao, ambao bima yao ilianza mwaka 1965, hawakuepuka. Mwaka 1981 mahakama hiyo ilimpa mke wa pili wa Sajini Ridgway dola 20,000, ingawa amri ya talaka ilimtaka marehemu aziweke kwa ajili ya watoto wake wa ndoa ya kwanza.

Askari hukagua silaha yake kabla ya zamu. Hati ya bima nayo yapasa kukaguliwa kila anapooa, anapotaliki au anapopata mtoto, na aliyeandikwa ajulishwe mapema ni nani atakayemzika.