Kupanga Siku Katika Nchi Ngeni

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini matokeo yake ni makubwa: namna jamaa iliyohamia nchi ngeni inavyoipanga siku yake, tangu jogoo kuwika hata taa kuzimwa.

Sisi tukaao Korogwe na Handeni hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika wilaya ya Handeni kuna makazi yaitwayo Chogo, ambayo watu wake wengi ni wazao wa Wazigua waliochukuliwa kwa vyombo vya baharini katika karne ya 19, wakati wa ukame na njaa. Wazee wao husimulia ya kuwa walidanganywa kwamba watapewa kazi ng'ambo. Walipofika pwani ya Somalia wakauzwa. Wengi walitoroka, wakaingia misitu ya bonde la mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakajenga vijiji vyao. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbia, wakafika Tanzania, wakakaa kwanza Mkuyu, papa hapa Handeni. Mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, na kufikia mwaka 2014 watu zaidi ya 1,500 walikuwa wamepewa uraia wa Tanzania.

Basi, fikirini jamaa moja namna hii inapoamka katika makao mapya. Kule Juba shamba lilikuwa kando ya mto. Mto ukifurika, udongo hubaki na unyevu, nao hupanda mahindi na ufuta. Handeni haina mto kama ule. Mkulima hungoja masika na vuli, na mvua zikikosa, maji ya kunywa hutafutwa mbali. Hapo saa zote hubadilika. Mama aliyezoea kurudi na maji kabla ya uji kuchemka, sasa hurudi jua limekwisha panda. Mtoto huchelewa shule, baba hungoja chakula, na nyumba huingia manung'uniko ingawa hakuna aliyekosa.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nami naongeza: jembe peke yake halitoshi, lazima na saa zipangwe. Baba na mama wakae pamoja jioni ya kwanza waulizane: nani atakwenda majini, nani atawasha moto, mtoto ataondoka saa ngapi, nasi tutakula pamoja wakati gani? Wako wanaume waonao haya kubeba ndoo. Ndugu yangu, haya hiyo hulipwa na mtoto, afikapo darasani wenzake wamekwisha soma somo la kwanza.

Tena kuna saa moja isiyofaa kupotea, nayo ni saa ya mazungumzo baada ya chakula. Kiswahili mtoto atakipata shuleni na kwa kucheza na wenzake. Lugha ya wazazi wake haina mwalimu mwingine ila wao. Wazigua wale waliishi Somalia zaidi ya miaka 150. Kizigua chao hakikuwa na shule. Kililindwa nyumbani, mdomo kwa sikio. Kilichanganyika na maneno ya Kisomali, lakini walipofika Handeni walisikizana na wenyeji. Hawakuja na hati ya kuonyesha kwamba babu zao walitoka huku. Lugha yao ndiyo iliyowashuhudia. Husemwa ya kuwa mwacha asili ni mtumwa. Hawa babu zao walifanywa watumwa, wala asili hawakuiacha.

Jambo hili latuhusu sote. Vijana wetu huhamia Dar es Salaam, na wengine huvuka bahari. Wako na ndugu wa ukoo ule ule wa Juba waliopokelewa Marekani tangu mwaka 2003, ambako baba aweza kufanya kazi usiku na mama mchana, hata watoto wasiwaone wote wawili mezani. Hao nao na watafute saa moja, hata ikiwa ni siku moja tu katika juma, wale pamoja na kusimuliana kwa lugha ya kwao.

Nchi ngeni haiwi kwenu siku ile mpewapo kiwanja au cheti. Huwa kwenu siku ile kila mtu nyumbani ajuapo kazi yake asubuhi, na mahali pake jioni.

Kwaherini.