Thomas Hodgkin: Daktari Aliyeandika Alichokiona



Daktari anapoandika kwenye faili maneno "limfoma ya Hodgkin", mara nyingi mbele yake kaketi kijana mwenye uvimbe shingoni usiouma, homa, na jasho la usiku linalolowesha shuka. Jina hilo tumelizoea hata tumesahau kwamba liliwahi kuwa la mtu. Jioni ya leo nataka tumzungumzie mtu huyo.

Thomas Hodgkin alizaliwa London mwaka 1798 katika familia ya Wakweka, waumini ambao wenzetu wa magharibi mwa Kenya wanawajua kwa jina la Kanisa la Marafiki. Alihitimu udaktari Edinburgh mwaka 1823. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda Paris kwa Laennec, aliyebuni stethoskopu, akarudi na chombo hicho Hospitali ya Guy's, London, kikiwa bado kigeni kwa Waingereza wengi.

Pale Guy's alikabidhiwa makumbusho ya viungo na kazi ya kupasua maiti. Ni kazi ambayo wengi waliikimbia. Yeye aliingia chumba kile mwaka baada ya mwaka, akapasua, akatazama, akaandika, akahifadhi. Mwaka 1827, pamoja na Joseph Jackson Lister na hadubini yake bora, alieleza kwamba chembe nyekundu za damu ni visahani vyenye kibonyeo katikati, wakati wengine walidai ni vidonge vya duara.

Januari 1832 makala yake ilisomwa mbele ya chama cha madaktari wa London. Ilisomwa na katibu, kwa kuwa Hodgkin hakuwa mwanachama. Ilihusu wagonjwa saba waliovimba tezi za limfu, wengi wao na wengu pia. Kifua kikuu kilikuwa kimejaa London, na kila tezi iliyovimba ilisingiziwa kifua kikuu au uchochezi kutoka sehemu nyingine ya mwili. Hodgkin alisema hapana: hapa ugonjwa unaanzia kwenye tezi zenyewe. Alilifikia hilo kwa macho na vidole tu, bila kuziweka tezi hizo chini ya hadubini.

Makala haikuzua gumzo lolote. Ilibaki kabatini hadi Samuel Wilks, daktari wa hospitali ileile, alipokutana na ugonjwa huo na kudhani yeye ndiye wa kwanza kuueleza. Alipogundua kwamba ametanguliwa, hakunyamaza. Mwaka 1865 aliuita kwa maandishi ugonjwa wa Hodgkin. Binafsi namheshimu Wilks kwa tendo hilo kuliko kwa mengi aliyoyagundua mwenyewe. Na vipande alivyohifadhi Hodgkin vilidumu: mwaka 1926 baadhi vilichunguzwa kwa hadubini, ikathibitika kwamba miongoni mwa wale saba wapo waliougua ugonjwa huohuo.

Lakini jicho lile halikuishia chumba cha maiti. Hodgkin aliandika pia juu ya mateso ya wenyeji wa Amerika Kaskazini chini ya Kampuni ya Hudson's Bay. Mweka hazina wa Guy's, Benjamin Harrison, mwenye kauli ya mwisho hospitalini, alikuwa pia mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo. Mwaka 1837 nafasi ya daktari msaidizi ilipotokea, Hodgkin alinyimwa, akapewa Benjamin Babington. Akajiuzulu. Hospitali ikampoteza mpatholojia wake bora, na sayansi ikapoteza miaka ambayo angeendelea kupasua na kuandika. Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha Jumuiya ya Kuwalinda Wenyeji, akaitumikia hadi kufa.

Hakuwa malaika. Aliunga mkono mpango wa kuwahamishia Liberia Waafrika wa Marekani, mpango ambao wapinzani wengi wa utumwa waliulaani, nami naona walikuwa sahihi. Alifariki Jaffa tarehe 4 Aprili 1866, kwa maradhi ya tumbo, akiwa safarini na rafiki yake Moses Montefiore, akazikwa hukohuko.

Wanafunzi wangu, nimemleta Hodgkin hapa kwa sababu kosa alilolikataa mwaka 1832 bado tunalitenda. Kijana anakuja na tezi zimevimba, anaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa kukisia, miezi inapita, uvimbe unakua. Limfoma ya Hodgkin ni miongoni mwa saratani zinazopona vizuri mgonjwa akiwahi matibabu. Basi nawaombeni: tezi isiyopungua msiibahatishie. Kateni kipande, kipelekeni kwa mpatholojia, na majibu yakija yasomeni kabla hamjaandika dawa.