Sauti Iliyotoweka: Asili ya Vitenzi vya Kiswahili na Ushahidi wa Kizigua



Naomba tuanze na swali ambalo wanafunzi huuliza, nasi mara nyingi tukawajibu kwamba "ndivyo ilivyo". Ikiwa kitenzi ni *zaa*, kwa nini tunasema *zaliwa*? Hiyo *l* imetoka wapi? Vivyo hivyo *kaa* hutoa *kalia*, *lea* hutoa *lelewa*, na *nunua* hutoa *nunuliwa*.

Jibu linasikika Sindeni, katika nchi ya Wazigua, kati ya Handeni na Korogwe. Huko kuzaa ni *kuvyala*, na kukaa ni *kwikala*. Kumbe *l* haikuongezwa katika *zaliwa*; ilikuwamo mzizini tangu awali. Kiswahili kiliidondosha katika umbo la msingi, kikaihifadhi katika minyambuliko.

Nomino nazo zinashuhudia. *Penda* hutoa *mpenzi*, na *linda* hutoa *mlinzi*: *d* ya mzizi hugeuka *z* mbele ya *i*. Basi *z* ya *mzazi*, *mlezi* na *mkazi* ni alama ya konsonanti ambayo kitenzi chenyewe hakinayo tena.

Hata hivyo, tuchukue tahadhari mbili. Kwanza, Kizigua si mama wa Kiswahili. Nurse na Hinnebusch (1993) wanakiweka katika kundi la Seuta, na Kiswahili katika kundi la Sabaki. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Pili, si kila *l* ni ya kale. *Sahau*, lenye asili ya Kiarabu, hutoa *sahauliwa* kwa kufuata mkumbo tu. Ndiyo maana ulinganishi hauepukiki.

Kamusi zetu huonesha neno lililotoka Uarabuni au Uingereza, lakini vitenzi vya Kibantu huachwa kana kwamba havina historia. Wakati huohuo, mtoto wa Sindeni huambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili kilichoharibika. Hata jina Wazigua limepoteza *l* yake: wenyewe ni Wazigula, na wazao wa wale waliochukuliwa hadi Somalia katika karne ya 19 bado huita lugha yao Chizigula.

Tukimnyamazisha mtoto huyo, tunamnyamazisha shahidi wa historia ya Kiswahili chenyewe. Tumsikilize angali anaisema.