Motokaa za Umeme Zenye Nguvu: Je, Zatufaa?

Somo la redio kwa vikundi vya wasikilizaji, Namtumbo

Walio katika vikundi na washike kalamu, kwa maana leo tutapiga hesabu.

Vijana wengi wameona katika simu zao motokaa za umeme ambazo huondoka zikiwa zimesimama na kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika muda wa sekunde 3 hivi. Wengine huuliza: Je, motokaa ya namna hii yaweza kumfaa dereva wa kawaida, kama mtu wa Namtumbo aendaye Songea kwa shughuli zake na kurudi? Swali hili ni la haki, wala si la kuchekwa, kwa kuwa siku moja mtu atauza mazao yake na kutaka kununua gari.

Kwanza tufahamu nguvu hiyo yatoka wapi. Injini ya petroli sharti izunguke upesi ndipo itoe nguvu zake zote. Ndiyo sababu inahitaji gia nyingi. Mota ya umeme hutoa nguvu zake za kusukuma tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Haina plagi, wala haihitaji kumwagwa oili ya injini. Na jambo hili si jipya. Mwaka 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alikuwa mtu wa kwanza kuendesha motokaa kupita kilomita 100 kwa saa, na motokaa yake ilikuwa ya umeme. Kilichozirudisha nyuma motokaa hizo kwa miaka mingi ni betri, ambayo ilikuwa nzito na kuishiwa upesi.

Basi tushike tofauti hii: nguvu ni jambo moja, na akiba ni jambo lingine. Mkimbiaji hodari aliyebeba kibuyu kidogo cha maji hafiki mbali.

Sasa tupige hesabu. Kutoka Namtumbo hadi Songea ni kama kilomita 70. Kwenda na kurudi ni 140. Motokaa kubwa ya umeme hutumia kama uniti 20 kwa kila kilomita 100. Safari yetu basi itatumia uniti 28. Tukichukua kwa mfano shilingi 350 kwa uniti moja, tutalipa shilingi 9,800. Motokaa ya petroli inayotumia lita 8 kwa kilomita 100 itakunywa zaidi kidogo ya lita 11. Tukichukua petroli kwa shilingi 3,000 lita moja, hizo ni kama shilingi 33,600. Kila safari umeokoa kama shilingi 23,800. Faida hii ni ya kweli, wala hatuwezi kuikana.

Lakini tazameni upande wa pili. Motokaa yenye nguvu kama Porsche Taycan, iliyotoka mwaka 2019, huuzwa Marekani kwa kiasi cha dola 100,000 na zaidi. Kwa mfano wa shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni shilingi milioni 250, kabla ya meli na ushuru. Mtu aendaye Songea mara mbili kila wiki ataokoa kama shilingi milioni 2 na nusu kwa mwaka. Itamchukua miaka 100 kurudisha fedha yake! Tena motokaa hiyo ipo chini karibu na ardhi, na matairi yake ni mapana yenye ukuta mwembamba. Kwenye lami itapita vizuri. Akiiacha lami kwenda kijijini wakati wa masika, mashimo na tope vitamwonya. Na mbio zenyewe atazitumia wapi, ikiwa penye makazi sheria yasema kilomita 50 kwa saa?

Pili, tuulize habari ya kuchaji. Soketi ya kawaida nyumbani hutoa kama uniti 2 na nusu kwa saa. Zile uniti 28 zitahitaji saa 11 au zaidi. Mtu anayelala nyumbani na kuondoka asubuhi hana shida, umeme usipokatika usiku. Lakini mtu anayetaka kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, hawezi kulala njiani siku tatu akingoja betri ijae. Atahitaji vituo vya kuchaji kwa haraka. Tukumbuke pia kwamba umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018, kwa njia kubwa kutoka Makambako. Kabla ya hapo Songea ilitegemea pia majenereta ya dizeli, na motokaa ya umeme ingeweza kula dizeli ile ile kwa kuzunguka.

Labda mtu atasema: "Mimi sitaki ya fahari. Nitaagiza Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani." Huyu yu karibu zaidi na ukweli, lakini na awe macho. Leaf za kwanza, za mwaka 2010 na baada yake, zilikuwa na betri ya uniti 24. Ikitumia uniti 16 kwa kilomita 100, ilipokuwa mpya iliweza kwenda kama kilomita 150. Betri ikiwa imepoteza theluthi moja kwa uzee, zimebaki kilomita 100 tu. Itakufikisha Songea, lakini haitakurudisha nyumbani bila kuchajiwa. Kwenye dashibodi yake kuna vistari 12 vinavyoonyesha uzima wa betri. Vihesabu kabla ya kutoa fedha. Picha ya rangi inayong'aa haikuambii neno juu ya betri.

Mwisho, tutazame chombo kidogo. Kigali, tangu mwaka 2019, pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand hubeba abiria, na dereva hubadilishiwa betri kituoni kwa dakika chache, badala ya kungoja. Pikipiki hutumia umeme kidogo sana, na dereva wa bodaboda huzunguka mji ule ule kila siku. Kwa maoni yangu umeme utamfaa huyu kwanza, maana safari zake ni fupi, na kila lita ya petroli anayoiacha ni chakula cha watoto wake. Lakini asinunue kabla ya kujua betri nyingine ataipata wapi.

Haya, zungumzeni katika vikundi:

1. Safari yako ndefu kuliko zote kwa siku moja ni kilomita ngapi?
2. Gari lako litachajiwa wapi, na kwa saa ngapi?
3. Betri ikichoka, nani ataitengeneza, na kwa fedha gani?

Asiyeweza kujibu maswali haya matatu na aiweke fedha yake kwanza. Kwaherini, mpaka somo lijalo.