Damu ya Jirani kwa Muzazi

Leo hatutasema juu ya chanjo wala uji wa watoto. Tutasema juu ya damu.

Muzazi akipoteza damu nyingi baada ya kuzaa, anaweza kufa kwa saa chache tu. Mtoto naye, malaria kali inamaliza damu yake. Hapo dawa peke yake haitoshi, lazima aongezewe damu. Na damu haitengenezwi na kiwanda, inatoka kwa mtu tu. Ni kutoa sehemu ya mwili wako na kumpa mwingine, sawa vile waganga wanavyopandikiza figo.

Sasa mfikirie muzazi Mutwa. Hapa Kibati, chini ya Nyiragongo, Batwa ni jirani zetu. Mababu zao walikaa msituni. Park ya Virunga ilianzishwa mwaka 1925, na baadaye waliondolewa humo. Wengi hawana shamba wala feza. Muzazi wao akifika lopitali damu inamtoka, mara nyingi jamaa wanaambiwa walete mtu wa kutoa damu. Lakini mtoaji anapaswa kuwa na kilo 50, na wengine katika jamaa hawafikishi. Hiyo si zarau, ni kumlinda yule anayetoa. Lakini tukingojea jamaa yake peke yao, mama atakufa.

Nani atampa? Sisi majirani.

Wengine wanauliza: "Mama, damu ya Mutwa na yetu zinapatana?" Ndiyo! Damu haijui kabila. Tangu kazi ya munganga Karl Landsteiner, mwaka 1901, tunajua kwamba kuna makundi ya damu. Leo yanaitwa A, B, AB na O. Mutwa wa kundi A anaweza kupatana na Mukumu wa kundi A, na ndugu wa tumbo moja wakakosa kupatana. Ndiyo sababu labo inapima kwanza.

Shikeni haya:

1. Mtoaji awe na miaka 18 mpaka 65, na afya nzuri.

2. Mwenye mimba na mwenye kunyonyesha wasitoe. Mtume bwana yako, kaka yako au shemeji.

3. Mwanaume apumzike miezi 3 mbele ya kutoa tena, mwanamke miezi 4.

4. Damu inapimwa ukimwi, kaswende, na ugonjwa wa maini wa B na C. Sindano ni mpya, haiambukizi mtoaji.

Tangu tarehe 15 Julai 2022 inchi yetu ina sheria ya kulinda haki za Batwa na ndugu zao wote wa asili. Ni vizuri. Lakini sheria haiwezi kujaza mfuko wa damu. Mkono wa jirani ndio unaujaza.

Leo jioni, ongea na bwana yako. Aende kupima kundi lake mbele hatari haijafika. Na ukiona mama Mutwa kwenye benchi ya kiliniki, sogea, mpe nafasi, muulize jina lake.