Pistoni ya Kumimina ao ya Kufuliwa: Tuchague Ipi kwa Boti Yetu?

Maneno ya kamati ya boti mbele ya mkutano wa wanachama



Sisi kamati ya boti tulipewa kazi moja: kueleza pistoni gani zinunuliwe kwa motere yetu ambayo sasa imelala. Munajua wote maana yake. Tulirudi kutoka kambi za Kigoma kwa kuvuka ziwa hili la Tanganyika, na leo ni kwa ziwa hilo hilo mihogo, mawese na dagaa za watu wetu wa Ubwari zinafika ku soko ya Baraka. Boti ikilala, mavuno yanaoza. Na motere ikizima katikati ya ziwa siku ya upepo mkali, hatutasema tena habari ya mavuno, tutasema habari ya watu.

Rafiki mmoja wa umoja wetu amejitolea kutulipia pistoni za kufuliwa, zile za bei kali. Wanachama wengi wamesema: yenye nguvu zaidi njo nzuri zaidi. Tunamushukuru sana. Lakini kabla ya kujibu, tuelewe kwanza tofauti.

Pistoni ya kumimina inatengenezwa kama sufuria zetu za aluminiamu: madini yanayeyushwa, yanamwagwa mu kalibu, yanaganda. Ndani yake kunawekwa silikoni nyingi, na hiyo inasaidia pistoni isitanuke sana ikipata moto. Kwa hiyo inaweza kukaa karibu na ukuta wa silinda bila kukwama. Ubaya wake ni ule wa sufuria: ikipigwa sana haipindi, inapasuka. Na kipande kikianguka ndani ya motere, kinaweza kuharibu mpaka ekseli ya chini.

Pistoni ya kufuliwa ni kazi ya mhunzi, ila nyundo yake ni mashini kubwa. Kipande kizima cha aluminiamu kinapashwa moto bila kuyeyuka, kisha kinagandamizwa kwa nguvu mpaka kinapata umbo. Madini yanashikana, hayabaki na vitundu vya hewa. Inavumilia mapigo kuliko ile ingine, ndiyo maana watu wa mashindano wanaipenda. Lakini kwa kawaida inatanuka zaidi, basi fundi anapaswa kuiachia nafasi kubwa kidogo mu silinda. Tofauti ni sehemu chache za mia za milimita, lakini motere inazijua. Nafasi ikiwa ndogo, pistoni inakwama. Ikiwa kubwa kupita, inagonga na kulika.

Hapo njo tuko na shida. Pistoni ya kufuliwa inataka motere ipate moto polepole kabla ya kupewa mzigo. Ku ufuko wetu, nani atangoje? Boti imejaa, mawimbi yanairudisha ku mchanga, dereva anafungua esanse yote mara moja. Pistoni inapata moto haraka na kutanuka, na silinda bado inapozwa na maji ya ziwa. Zinashikana. Yaani ile pistoni ya bei kali inaweza kufa ku mwanzo wa safari, pale ya kumimina ingevumilia.

Tena tuangalie ni nini kiliua pistoni za zamani. Fundi alipofungua motere, hakukuta pistoni iliyovunjika kwa kukosa nguvu. Alikuta ukuta wake umechubuka pande zote, segma zimeshikamana, na mpira wa pampu ya maji umeliwa na mchanga. Maji hayakupanda vizuri, joto likazidi. Aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda. Ikikosa maji ao mafuta, hata ya kufuliwa itakwama. Motere ya namna hii inawaka kila mzunguko: ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, inawaka mara 5,000. Na mafuta yake yote ya kulainisha ni yale tu yaliyochanganywa mu esanse. Hakuna akiba ingine chini.

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi. Tununue pistoni za kumimina za kiwanda kilichotengeneza motere, pamoja na segma zake. Silinda ichongwe upya kwa kipimo cha pistoni hizo, 0.25 ao 0.50 milimita juu ya kipimo cha kwanza, na fundi apime pistoni ikiwa mkononi mwake, asikisie. Hela zinazobaki zinunue mpira mpya wa pampu na mwingine wa akiba, buji, na mafuta yenye alama TC-W3. Kwa kazi ya kila siku tutachanganya 1 kwa 50, ndiyo mililita 400 mu bido ya lita 20, kwa kipimo chenye alama, si kwa kifuniko cha chupa. Masaa ya kwanza ya pistoni mpya tutaongeza mafuta kama kitabu cha motere kinavyosema, na hatutapakia boti sana, hata kama kuna mteja anayelipa vizuri.

Kwa rafiki yetu mfadhili tunasema: zawadi yako hatuikatai. Tunaomba ruhusa tu ya kuigawa. Pistoni moja yenye nguvu haitatufikisha Baraka kama pampu ni mbovu, lakini pistoni ya kawaida, yenye maji na mafuta, itatufikisha na kuturudisha.

Sasa ni zamu yenu. Mulize, mupinge, kisha tupige kura leo, maana mihogo haingoje.